Mlango Uliotazama kwa Jirani

Wiki iliyopita nilipeleka gari gereji, hapa Nairobi ninapoishi siku hizi. Fundi alipokuwa akimwaga oili chafu ndani ya mtungi, harufu yake ikanipata nimekaa kwenye benchi na gazeti mkononi. Nililishusha gazeti. Wewe uliyekulia upande wetu utanielewa: kwetu oili ile haikuwa takataka. Ilipakwa kwenye nguzo ili mchwa wasizile. Mimi mwenyewe niliwahi kuipaka, msichana wa miaka kumi hivi, kwa brashi ya nyuzi za mkonge, mpaka mama akasema nimefanana na sufuria ya shereheni. Nguzo hizo zilikuwa za chumba cha mbao ambacho baba yangu alikijenga nyuma ya nyumba yetu Kisumu, katika miaka ya themanini. Sidhani kama kuna chumba kingine duniani kilichojengwa kwa fujo kama ile na kikaleta furaha kama ile. Vuta kiti basi, nikusimulie.

Tulikaa juu kidogo ya mtaa wa Nyalenda, pale nyumba za udongo zilipoishia na za mawe zikaanza. Nyumba yetu ilikuwa ya kupanga, vyumba viwili na jiko, na nyuma yake palikuwa na uwanja wa kuanikia nguo na omena, wale dagaa wa ziwa. Asubuhi tuliamshwa na kwarara wakipiga kelele juu ya paa, ndege wenye sauti kali, halafu mitungi ikigongana kwenye bomba la maji ambalo mtaa mzima ulilitegemea, halafu honi ya meli kutoka gatini. Baba alifanya kazi huko gatini, katika bohari, akipokea na kutoa mizigo ya meli za ziwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyejua kabisa kupigilia msumari. Hilo la mwisho tulikuja kuligundua baadaye.

Upande wa nyuma tulipakana na jirani yetu, mjane Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Pwani zamani wakifuata reli. Alikaanga mandazi ya kuuza. Kati yetu na yeye kulikuwa na ua wa michongoma mnene, wenye miiba mirefu kama sindano za magunia. Mama na yeye walipeana vitu juu ya ua huo: sahani ya samaki ikienda, sahani ya mandazi ikirudi. Kila alipokuwa akijibu jambo lililosemwa jikoni kwetu bila yeye kuambiwa, alisema, "Michongoma huzuia kuku, haizuii maneno."

Sasa, mama mzazi wa mama yangu, ambaye sisi watoto tulimwita dani kama Wajaluo wote wanavyowaita nyanya zao, alikaa mbali, kule pwani ya ziwa karibu na Luanda Kotieno. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mwaka hadi mwaka. Alipotutembelea mara ya mwisho aliusalimia mtungi wa maji akidhani ni mimi. Sisi tulicheka, naye akacheka pamoja nasi, lakini mama alitoka nje, na aliporudi uso wake ulikuwa umeoshwa. Mwishowe mama akampeleka hospitali kubwa. Daktari akamwangalia na taa ndogo, akasema ni mtoto wa jicho, anaweza kumpasua na akaona tena. Lakini mgonjwa lazima awe karibu. Aje kwanza kwa dawa, kisha upasuaji, kisha arudi kliniki kila mara mpaka jicho lipone. Hawezi kuwa anapanda basi kutoka Luanda Kotieno kwa barabara ile ya mashimo na jicho lililoshonwa uzi.

Ungedhani jambo ni rahisi, si ndiyo? Mama yake ni mgonjwa, nyumba ipo, alale. Lakini kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe wa kiume. Hata kumtazama machoni ni shida, na kula naye meza moja haiwezekani. Si chuki, ni heshima, tena heshima nzito kiasi cha kukondesha mtu. Dani alipokuja alikuwa akifika asubuhi na kuondoka kabla ya jua kugeuka, na baba siku hizo alitafuta kazi ya ziada huko gatini. Kulikuwa na mjomba, ndugu ya mama, lakini yeye alikuwa na chumba kimoja Nyalenda ndani, akilala na mke na watoto wote, na mvua ikinyesha maji yalipita chini ya kitanda. Tena mama kulala chumba kimoja na mwanawe na mke wa mwanawe, hilo lilikuwa baya zaidi.

Wiki nzima mama alipika bila kuimba. Kisha Jumapili moja, baada ya kanisa, baba akatoka uwanjani akiwa bado amevaa tai, akatembea kutoka kona hadi kona akihesabu hatua zake kwa sauti ya chini.

"Unatafuta nini?" mama akamuuliza.

"Mahali," baba akasema. "Akilala hapa nje, katika chumba chake mwenyewe, atakuwa hajalala kwangu. Au vipi?"

Mama alisimama na mdogo wangu mchanga mgongoni akimtazama mume wake na ile tai yake, na jioni hiyo ndipo alipoimba tena.

Mwenye nyumba alikubali. Alisema mawe hapana, mbao sawa, na siku tukihama tubebe chumba chetu. Lakini kabla hata shimo moja halijachimbwa, habari ilikuwa imeshafika Ahero, na kaka mkubwa wa baba akatokea mlangoni na debe la mchele mpya begani na uso kama wa mtu anayekwenda kwenye kesi. Baba mkubwa alilima mpunga, na alikuwa anaijua mila kama mwalimu wetu alivyolijua jedwali la kuzidisha.

"Nasikia unamjengea mama mkwe," akasema kabla hata hajaketi vizuri.

"Namjengea mgonjwa," baba akajibu.

"Huyo mgonjwa si mama wa mke wako?"

"Ndiye."

"Basi."

"Lakini hapa si bomani, kaka. Hapa nimepanga tu. Uwanja ni wa mwenye nyumba."

"Na anayeufagia ni nani?"

Baba akamtazama mama. "Ni yeye," akasema. Mimi nikacheka, na hakuna mwingine aliyecheka.

Baba mkubwa akasema mambo mengi. Akataja chira, ile laana inayomkondesha mtu polepole bila ugonjwa wake kuonekana. Akasema mkwe ni moto, mtu huuota akiwa mbali kidogo. Akasema yeye hana ubaya na yule mama, ni mama mwema, na kwa sababu ni mwema ndiyo asiaibishwe. Hapo ndipo nilipomwona mama ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na nikaelewa kwamba hili halikuwa jambo la kucheka. Baba mkubwa akisema hapana, baba hatajenga. Baba asipojenga, dani atarudi kwenye ukungu wake, na safari nyingine hata mtungi hatausalimia.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya michongoma.

"Hodi huko! Mniwie radhi, masikio hayana pazia."

Jirani yetu akazunguka kwa njia ya barabarani, akaingia na sinia la mandazi ya moto, akaliweka mbele ya baba mkubwa kwanza, kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye akili. Akaketi, akapanga buibui lake.

"Mzee, nikuulize, maana mimi si wa kabila lenu, nisije nikakosea. Mama mkwe akija mjini akalala kwa jirani, pana ubaya?"

"Kwa jirani?" Baba mkubwa akafikiri. "Hapana. Kwa jirani ni kwa jirani."

"Basi mlango wa hicho chumba na uelekee kwangu. Tutakata ua hapo nyuma. Aingie kwa lango langu, apite uwanja wangu, alale. Atakuwa mgeni wangu mimi. Hawa watakuwa wameniazima ukuta tu."

Baba mkubwa alikuwa ameshauma andazi. Akatafuna polepole, macho juu ya dari.

"Na upande wa nyumba hii?"

"Mgongo mtupu. Hata dirisha hapana."

Akatafuna tena. Sisi sote tulikuwa tunayatazama mataya yake.

"Mtu hawezi kulaumiwa kwa sababu ya mgongo wa chumba," akasema hatimaye, na akanyoosha mkono kuchukua andazi la pili. Mama akaenda jikoni kwa haraka, na nikasikia akipiga sufuria na mwiko bila sababu yoyote.

Basi ujenzi ukaanza. Nguzo za mkalitusi zililetwa kwa mkokoteni, nami nikapewa oili na brashi. Mbao za ukuta zilitoka kwa makasha yaliyovunjika huko bohari, ambayo mkubwa wa baba kazini alimruhusu kuyachukua badala ya kuyachoma. Kila jioni baba alirudi na mbao zimefungwa kwenye baiskeli, na kazi yangu baada ya shule ikawa kung'oa misumari na kuinyoosha juu ya jiwe. Kok, kok, kok. Mpaka leo nikisikia nyundo juu ya chuma ulimi wangu hupata ladha ya kutu, kwa sababu niliishika misumari mdomoni kama nilivyomwona fundi wa viatu akifanya. Makasha mengine yalikuwa yamechomwa maandishi kwa chuma cha moto, maneno ya Kizungu ya kuwaonya wapagazi, kwamba upande huu uwe juu, kwamba mzigo usilowe. Baba alipigilia mbao bila kujali maneno, kwa hiyo upande wa juu ukawa chini, na pengine sentensi ilianzia kona moja ikamalizikia kwenye mlango.

Vifaa tuliazimwa na jirani. Marehemu mume wake alikuwa seremala, na sanduku lake lilikuwa chini ya kitanda tangu siku alipozikwa. Nakumbuka alivyolibeba mwenyewe kupitia pale michongoma ilipokwisha kukatwa, akaliweka chini na kulifungua. Msumeno ulikuwa umefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Akaukunjua, akaupitishia kidole.

"Mama, una hakika?" baba akauliza. "Mimi si fundi. Naweza kuuharibu."

"Utauharibu kwa kuutumia," akasema. "Mimi nimekuwa nikiuharibu kwa kuuficha. Chukua."

Na kweli baba hakuwa fundi. Ubao wa kwanza aliukata ukawa mfupi, wa pili akaukata kufidia ule wa kwanza ukawa mfupi zaidi. Alijigonga kidole gumba, akatembea kuzunguka uwanja mzima akisema maneno ya kanisani kwa sauti isiyo ya kanisani. Mwishowe mama alimkabidhi mtoto, akachukua leso yake, akaikunja, akapima ukuta kwa leso, akachora mstari kwa kaa la moto lililozima. Tangu hapo mama alipima, baba alikata, jirani alishika upande wa pili wa ubao na kutoa amri. "Shusha! Pandisha! Hapo hapo, bwana, usipumue!" Chakula cha siku hizo kilikuwa nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, tuliyokula tumesimama, na vumbi la mbao likianguka ndani ya bakuli kama chumvi.

Paa likawa la mabati makuukuu, matundu yake yakazibwa kwa lami. Sakafu ilikuwa udongo uliopondwa na kukandikwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Mama na jirani walikandika wakiwa wamepiga magoti, na jirani, ambaye alikuwa hajawahi kugusa kinyesi cha ng'ombe maishani mwake, alifumba macho, akasema bismilahi, akatumbukiza mikono yote miwili. Mlango ndio ulioshinda kila mtu. Haukufunguka mpaka uuinue kidogo halafu usukume na goti. Baba alitaka kuung'oa aanze upya. Mama akamwambia uache, angalau mwizi hataujua.

Dani akaja siku ya soko, kwa basi, na kikapu cha samaki wakavu na kuku hai aliyetoa kichwa kwenye mfuko. Tulimpokea stendi. Tulipofika kwenye lango letu alinusa hewa, akasimama.

"Hapa ni kwenu," akasema.

"Ni kwetu, mama," mama akajibu. "Hatuingii hapa. Tunazunguka."

Tukazunguka kama wageni wa heshima kupitia barabara ya nyuma. Jirani alikuwa amesimama langoni kwake na buibui jipya.

"Nimefika kwa nani?" dani akauliza kwa Kiswahili chake, ambacho kilikuwa kidogo na kilichovunjika.

"Umefika kwangu, dada. Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Dani akampa kuku. Kisha akaingia chumbani, akapapasa kuta zote nne polepole, kwa viganja, kama mtu anayemtambua mtoto wake gizani. Vidole vyake vikakuta maandishi yaliyochomwa.

"Nyakwara," akaniita, yaani mjukuu wangu, "ukuta umeandikwa nini hapa?"

Nikasoma, nikamfasiria: "Shika polepole, kinavunjika."

Alicheka mpaka akakaa kitandani. "Kumbe wenye meli walishaambiwa habari zangu!"

Kuanzia hapo maisha yakapata utaratibu wa ajabu, na utaratibu huo ulipita mdomoni mwangu. Jioni baba alikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba akinywa chai. Dani alikaa ndani ya chumba chake, nyuma ya ukuta usio na dirisha, hatua chache tu. Mimi nilikaa katikati, juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Nyakwara, muulize baba yako kama kazi imekwenda vizuri leo."

"Baba, dani anauliza kama kazi imekwenda vizuri."

"Mwambie imekwenda vizuri, na namshukuru."

"Dani, baba anasema..."

"Nimesikia. Mwambie nimefurahi."

Hali ikaendelea hivyo mpaka giza. Walizungumza juu ya bei ya samaki wa ngege, juu ya mafuriko ya uwanda wa Kano, juu ya utoto wa mama yangu, na kila neno lilipita kwangu kama barua inayopigwa mhuri posta. Siku moja nilichoka, nikasema, "Lakini si amesikia!" Mama akanifinya sikio, naye baba akageuza uso kuficha kicheko, na kutoka nyuma ya mbao nikasikia dani naye akikohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa.

Mchana dani na jirani walikuwa pamoja. Mmoja alikanda unga, mwingine alipembua mchele kwa vidole, kwa sababu vidole vyake viliona kuliko macho yangu. Lugha haikuwatosha. Nilimuuliza dani wanazungumza nini siku nzima. Akanijibu kwa kile Kiswahili chake: "Yeye nasema, mimi nasikia moyo. Mimi nasema, yeye nasikia moyo." Walifiwa na waume wao karibu wakati mmoja. Labda hilo halihitaji maneno mengi.

Kisha siku ya upasuaji ikafika. Dani alilala hospitalini, mama akiwa naye, na nyumbani baba alituunguzia ugali. Dani aliporudi alikuwa na bandeji nyeupe juu ya jicho moja na masharti mengi kuliko amri za kanisani. Asiiname. Asikohoe kwa nguvu. Asiinue kitu. Na jicho lisiguswe na maji kabisa, maana likiingia uchafu linaweza kupotea, na daktari hatakuwa na la kufanya. Mama aliyarudia maneno hayo mchana na jioni, mpaka hata mtoto mdogo alianza kutembea kwa vidole akipita pale.

Ilikuwa alasiri, siku chache baadaye. Wewe unajua mvua ya ziwa jinsi inavyokuja: anga safi, halafu ukuta mweusi unasimama kutoka upande wa maji, na upepo unafika kabla yake ukibeba majani na mifuko na nguo za watu. Baba ndiyo kwanza alikuwa ameingia kutoka kazini. Mama alikuwa bombani. Dani alikuwa amelala chali kitandani mwake kama alivyoamriwa. Nilisikia mlio mmoja mkali, kama mbwa aliyekanyagwa, na nilipotoka nje niliona bati la pembeni la chumba limeinua kichwa. Misumari yangu, ile niliyoinyoosha kwa jiwe, ilikuwa inatoka mmoja mmoja. Bati lilipiga, likalala, likapiga tena, na matone ya kwanza makubwa yalikuwa yameanza kuanguka.

"Dani!" nikapiga kelele.

Kuingia chumbani mwa mama mkwe baba hakuweza, na kumbeba hakuweza, lakini paa halikuwa limetajwa na mila yoyote. Akakanyaga ndoo, akashika ukingo, akajivuta juu, akajitupa kifudifudi juu ya bati lile, mikono na miguu ameitandaza kama mjusi mkubwa mwenye shati la kazi. Bati likalala. Mvua ikamwangukia yote. Maji yaliingia kwenye kola yake na kutokea miguuni, na kila upepo ulipovuma niliona mwili wake ukiinuliwa na kurudishwa chini.

Mimi nilikimbia kuzunguka kwa jirani, lakini yeye alikuwa ameshafika. Ule mlango haukumshinda: aliinua kidogo, akasukuma na goti. Ndani, maji yalikuwa yakipenya pembeni na kudondoka karibu kabisa na mto. Jirani akasimama juu ya kitanda na sinia lake kubwa la mandazi, akalishika juu ya uso wa dani kwa mikono miwili, na matone yakapiga sinia kama ngoma. "Usitikisike, dada," alikuwa akisema. "Usitikisike. Niko hapa."

Ndipo radi ikapiga upande wa ziwa, karibu sana, na dani akaelewa nini kilichokuwa kizito namna ile juu ya paa lake. Kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hakuniita mimi, wala mama. Alimwita mwenyewe.

"Mwanangu! Shuka! Shuka huko, utapigwa na radi! Jicho moja si kitu, mwanangu, shuka!"

Na kutoka juu, katikati ya mvua, baba akajibu moja kwa moja, akipiga kelele ndani ya tundu la msumari:

"Mama, tulia! Usikohoe! Sishuki!"

Sikuwepo katikati kupeleka ujumbe. Haukuhitaji kupelekwa.

Mvua ilikwisha kama ilivyoanza, ghafla, na jua likatoka kana kwamba halijui kitu. Mama alifika mbio na mtungi mtupu, akamkuta mume wake juu ya paa akitoa mvuke, jirani mikono imekufa ganzi asiweze kushusha sinia, na mama yake mzazi amelala mkavu, bandeji nyeupe kama ilivyokuwa. Alikaa chini palepale kwenye tope akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Jioni hiyo baba alikaa kwenye ngazi amejifunga blanketi, akipiga chafya. Kisha, kutoka nyuma ya mbao:

"Nyakwara, mwambie baba yako anywe chai ya tangawizi."

"Baba, dani anasema unywe chai ya tangawizi."

"Mwambie nainywa."

Hawakuzungumza tena moja kwa moja, kwa kadiri ninavyojua, mpaka mwisho wa maisha yao.

Jicho lilipona. Siku bandeji ilipotolewa na dani kuvalishwa miwani mizito iliyoyafanya macho yake kuwa makubwa kama ya bundi, alimtazama kwanza mama, kwa muda mrefu, akasema, "Umezeeka, mtoto wangu." Kisha alirudi, akasimama uwanjani kwa jirani, akakiona chumba kwa mara ya kwanza. Alikitazama kutoka juu hadi chini. Akatazama kuta zilizoinama, na mlango wenye bega moja juu na jingine chini.

"Na mimi nimelala humu?" akauliza. Jirani akaanza kucheka, naye akaanza, wakashikana wasianguke.

Dani alirudi kwao kabla ya msimu wa kupanda, maana sasa aliweza kuliona jembe lake. Jirani alimsindikiza hadi stendi, na kila mwaka baada ya hapo walitembeleana, mmoja akipeleka mandazi, mwingine samaki. Chumba kikabaki. Kikawa mahali pangu pa kusomea, kisha ghala la mkaa, kisha banda la kuku. Tulipohama miaka ya tisini hatukukibeba kama mwenye nyumba alivyosema. Mbao zilikuwa zimechoka.

Nilipita pale mwaka jana. Kuna ukuta wa mawe sasa, na vipande vya chupa juu yake, na mlango wa chuma usio na mahali pa kuchungulia. Dani aliondoka zamani, na jirani, na baba pia amepumzika. Sikugonga. Ningesema natafuta nini?

Mama yupo, na hunitembelea hapa Nairobi. Mume wangu humpokea stendi mwenyewe, humkumbatia mbele za watu, huketi naye mezani na kumwekea minofu kwenye sahani. Tuna chumba cha wageni, godoro nene, choo ndani. Sitaki kukudanganya kwamba zamani ilikuwa bora. Ningemwonea mume wangu huruma kumpandisha juu ya paa. Lakini safari hii ya mwisho, asubuhi ya kwanza, nilimpelekea mama chai, nikamuuliza kama amelala vizuri.

"Vizuri sana, hata sikugeuka. Mume wako ni mtu mwema." Akapuliza chai, akazungusha macho kwenye kuta nyeupe, zilizonyooka, zisizo na doa. "Ila chumba hiki nimekikuta tu," akasema. "Hakikujua kwamba ninakuja."